Siku Tuliyoshusha Mafiga ya Bibi

Moshi wa kuni za mkoko una harufu yake. Una chumvichumvi ndani, kama kitu kilichokaa majini muda mrefu kabla ya kukubali kuwaka, na ukishaingia kwenye nguo hautoki kwa kufuliwa mara moja. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Siwema, alinukia moshi huo kuanzia mwezi wa kupanda mpunga mpaka mwezi wa kuvuna, kwa sababu miezi yote hiyo hakuishi kijijini kwetu, upande wa Ruaruke, bali bondeni, juu ya dungu. Kwa asiyejua kwetu, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga, ili maji ya mto yakija yapite chini na mwenye shamba abaki juu akilinda. Sakafu yake ni fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, na kwenye kona ya sakafu hiyo ndipo anapopikia. Kutoka kwenye dungu la Bibi zilishuka kamba ndefu zenye makopo matupu ya mafuta, zikaenda kila upande wa shamba. Ndege wakitua, Bibi alivuta kamba, makopo yakalia bonde zima, ndege wakaruka. Tumbili wakija, aliwatukana, na aliwatukana mmoja mmoja, kana kwamba anawafahamu wao na mama zao.

Sasa nieleze habari ya mafiga, maana bila hiyo haya mengine hayatafahamika. Bondeni hakuna jiwe. Ni tope tupu, unaweza kutembea kutwa usijikwae. Mafiga matatu ya Bibi yalikuwa mawe hasa, na marehemu babu ndiye aliyeyatoa nchi ya juu, karibu na barabara ya Kibiti, alipomwoa. Aliyabeba kichwani, moja moja, safari tatu. Watu wakivuna hurudi kijijini na vyombo vyao, lakini mafiga huyaacha juu ya dungu, yanamngojea mwenyewe msimu ujao. Kwetu, kama mafiga yapo na asubuhi moshi unaonekana, shamba lina mwenyewe na hakuna anayeligusa. Mafiga yakishushwa, mwenyewe ameliaga shamba. Hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtoto aliyezaliwa upande ule analijua. Mimi nililijua. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Mwaka tulioyashusha nilikuwa kidato cha pili, nalala bweni Kibiti. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya barabarani, niliyoyajua yakiwa matupu, yalijaa sabuni za kila rangi, na pale stendi mitumba ilishushwa kwa marobota. Wakati huohuo wanaume waliokuwa wameajiriwa viwandani Dar es Salaam walianza kurudi makwao, mmoja leo, mwingine kesho, na godoro limefungwa kamba, wamepunguzwa kazi. Baba mdogo Athumani, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa mmoja wao. Alirudi na mke na watoto wanne, hana pa kulima, akaomba shamba la mama yake. Bibi alimjibu mbele yetu sote, huku akicheka, "Siku utakayoona nimeshusha mafiga, panda wewe. Kwa sasa bado nalikalia." Baba mdogo naye akacheka, akaenda kulima mihogo kwenye mchanga nyuma ya kijiji, mihogo myembamba kama vidole.

Mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Walimu walidhani ni adabu, lakini ulikuwa woga tu. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, jibu lilifika mpaka kwenye meno na kurudi. Nilichoshindwa kukisema nilikiandika kwenye daftari nililolifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na daftari hilo ninalo mpaka leo, limeliwa na mende pembeni. Nilijiunga na klabu ya huduma kwa sababu rafiki wa kitanda cha juu alijiunga, na kwa sababu nilidhani kazi ya klabu ni kufagia, kazi isiyohitaji kusema. Kumbe ilikuwa ya kuhudumia wazee, na ya kusema tangu mwanzo. Mlezi wetu alikuwa Mwalimu Eliamani, mwanamke wa Kipare, anafundisha baiolojia. Mama yake mzazi alikuwa peke yake milimani huko Same, na nadhani kila alichotufundisha juu ya wazee alikuwa anamfanyia mama yake kwa mbali. Alikuwa na kijitabu kilichokuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, chenye picha za nyumba wanayoishi wastaafu wa Ulaya. Wazee wamekaa kwenye viti mstari mmoja, blanketi magotini, muuguzi anawamiminia chai, nje kuna maua. Tulikipitisha mkono kwa mkono.

"Mwalimu," aliuliza Shomari, mwenyekiti wetu, mtoto wa Kibiti mjini, "hawa watoto wao wako wapi?"

"Kazini."

"Wote?"

"Wote, Shomari."

"Na wajukuu?"

"Shuleni."

"Basi hawa wamefiwa," alisema Shomari, na darasa likacheka mpaka mwalimu mwenyewe akaweka mkono mdomoni.

Lakini tulijifunza kwa bidii. Tulijifunza kumgeuza mzee aliyelala asipate vidonda, kumkata kucha, kumpikia uji laini, kuondoa kitu chochote kinachoweza kumwangusha. Tulitengeneza machela kwa miti miwili na kanga mbili, tukambeba Shomari kuzunguka uwanja, yeye akikoroma na kudai tumpe ugoro. Halafu ikaja wiki ambayo kila mwanachama alitakiwa kutaja mzee mmoja anayehitaji msaada. Walitaja vipofu, walitaja wapooza. Zamu yangu ilipofika nikasimama, na kwa mara ya kwanza muhula ule sauti ikatoka.

"Bibi yangu analala dunguni."

"Dungu ndiyo nini?" aliuliza Mwalimu Eliamani.

"Ni kichanja, mwalimu," Shomari akadakia. "Bibi yake analala juu, kama kuku."

Walicheka wote. Ili wanyamaze, nikasema, "Alianguka. Mwaka jana alianguka kwenye ngazi akaumia mguu."

Haikuwa kweli. Bibi aliwahi kukosa kipandio kimoja cha ngazi, akashikilia nguzo, akacheka mwenyewe. Lakini kicheko cha darasani kilikatika papo hapo, macho yote yakawa kwangu, na mwalimu akaliandika jina la Bibi ubaoni kwa chaki nyekundu. Katika daftari, jioni ile, niliandika: "Leo nimesema na watu wamenisikiliza." Sikuandika kwamba nimesema uongo. Hata kwenye daftari langu mwenyewe niliona haya.

Tulikwenda Jumamosi moja, nusu ya njia juu ya lori la nazi, nusu kwa miguu. Mpunga ulikuwa unatia maziwa. Huo ndio wakati shamba linanukia utamu hafifu, kama mdomo wa mtoto anyonyaye, na ndiyo wiki ambazo ndege hawapumziki wala mlinzi hapumziki. Maji yalikuwa yameshapungua, yamebaki ya kufika kifundoni, na watoto wa mjini walitembea wakishika viatu mkononi na kupiga kelele kila ruba alipomgusa mtu. Bibi alituona kwa mbali. Alikuwa amesimama juu ya dungu, mkono mmoja umeshika kamba.

"Hodi za watu wengi hivi! Mmekuja kuvuna au mmekuja kuoa?"

"Tumekuja kukuona, Bibi. Shikamoo!"

"Marahaba, wanangu. Haya, nioneni. Lakini asisimame mtu juu ya mpunga wangu."

Mwalimu Eliamani alipanda ngazi na sketi yake ya kazini, akaketi kwenye mkeka, akazungumza na Bibi kwa heshima ambayo sina la kuilaumu. Alimwambia kwamba umri ule ni wa kupumzika. Bibi akamwuliza, "Nimepumzika lini, mwanangu, hata nijue kunavyokuwa?" Mwalimu akamwambia kwamba nyumbani kuna mkamwana wake, yaani mama yangu, kuna kitanda, na klabu itakuja kila Jumamosi. Akataja ngazi. Akataja mguu. Shomari, aliyekuwa ameketi kwenye kipandio cha juu, akauliza kwa upole wa kweli, "Bibi, ni mguu upi ulioumia?" Bibi akanitazama.

"Wa kushoto," alisema.

Halafu akaniuliza mimi. Baina ya bibi na mjukuu wa kike kwetu kuna utani wa kuitana mke mwenza, kwa kuwa mume ni mmoja, babu, hata akiwa kaburini. "Na wewe, mke mwenzangu, wasemaje? Nishuke?"

Neno moja lingetosha. Ningesema hajaanguka, basi. Au ningesema mpunga unatia maziwa, jamani, si wakati huu. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, tope limekauka katikati yake, nikasikia makopo yakigongana mbali kwa upepo. Wenzangu kumi na zaidi walikuwa wananingoja. Sikusema kitu.

"Haya," alisema Bibi. "Tushuke."

Kilichofuata kilikwenda haraka, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa vizuri. Wengine walikunja mkeka, wengine sufuria, msichana mmoja akamwagia moto maji kwa usalama. Mvuke ulipanda, ukafunika sura ya Bibi. Halafu Shomari akanyanyua figa la kwanza. "Na haya tusiache, wezi wasije wakayachukua," alisema, na wenzake wakanyanyua mawili yaliyobaki. Hakuwa na kosa, kwao Kibiti mjini figa ni jiwe tu. Bibi alinyoosha mkono kama anayetaka kuzuia, akanitazama tena, mkono ukarudi kwenye mapaja. Chini, walipomwonyesha machela, ndipo alipokataa kabisa. "Mie nilale hapo natembea? Si ndivyo tunavyokwenda kuzikwa hivyo?" Kwa hiyo machela ikabebeshwa mafiga, vijana wanne, kona nne, na Bibi akafuata nyuma kwa miguu yake yote miwili, akichechemea wa kushoto.

Watu kwenye madungu ya jirani walisimama. Mzee mmoja aliyekuwa anafukuza ndege akatuita, "Mmembeba nani?"

"Mafiga, babu!" Shomari alijibu kwa sauti ya furaha.

Mzee yule alivua kofia yake. Alikaa nayo mkononi mpaka tukapita mbele yake, ndipo akasema, "Mungu akupe heri, Siwema."

"Amin," Bibi akajibu, hakugeuka.

Mama alikuwa anatwanga uani tulipofika. Aliona machela, akaangusha mchi. Alipoona yaliyobebwa hakuuliza tena. Aliwakaribisha wageni, akawapa maji na muhogo wa kuchemsha, akawashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka aliyapanga mafiga nyuma ya nyumba, kwenye ukuta, mstari mmoja. Hakuyaweka pembetatu. Mwalimu alikuwa amenipa ruhusa ya siku tatu nibaki nimzoeze Bibi maisha mapya, kwa hiyo nilikuwepo baba mdogo Athumani alipokuja siku ya pili. Aliketi mbali kidogo, kofia gotini, alikuwa kama anayeogopa.

"Mama, nimeona bondeni hakuna moshi. Watu wanasema mafiga yameshuka."

Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Nilijua Bibi anaweza kusema ni watoto wamekosea, rudi mwanangu, kesho napanda dunguni. Ingekuwa rahisi. Lakini kusema hivyo kungemfanya aeleze ni watoto gani, na nani aliwaleta, na kwa maneno gani.

"Yameshuka," alisema.

Baba mdogo alilia. Alilia kwa kumsikitikia mama yake na kwa kupata shamba, vyote pamoja, na mimi niliyeona machozi yale siwezi kuyatenganisha. Siku ile ile alipanda dunguni na mke wake, watoto, na mafiga yake ya udongo wa kichuguu. Aliukuta mpunga umeliwa na ndege upande wa mashariki, lakini uliobaki aliulinda vizuri.

Klabu ilitimiza ahadi. Kila Jumamosi walikuja na sabuni, wakamwosha Bibi miguu, wakamkata kucha. Mwalimu alileta kiti chenye mikono, na kutoka kwenye robota la mitumba Shomari alimpatia blanketi la sufu, akamfunika magotini kama kwenye kile kijitabu. Jua la Rufiji linachoma, jasho linamtiririka shingoni, na Bibi ameketi na blanketi lake, anawaitikia, anawatania, mpaka wa mwisho amepotea kwenye njia. Ndipo analitupa chini. "Wanao wazuri," alikuwa anamwambia mama. "Lakini watanipika." Shuleni habari zake ziliandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko na kwa sababu mzee alikuwa wangu. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, kwa kuwa sasa watu waliniita kwa jina langu nikipita.

Likizo ya mavuno nilirudi nikamkuta amepungua. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaamka alfajiri, anatoka nje, anakaa. Kundi la ndege likipita juu ya uwanja kuelekea bondeni, mkono wake wa kulia ulikuwa unafunga ngumi na kuvuta, mara moja, kisha unafunguka. Mama alikuwa anageuza uso. Hakuna aliyemwuliza tena habari za mbegu, wala nani apande lini, mambo ambayo zamani wanawake walimfuata kuyauliza mpaka juu ya dungu. Walipita wakamsalimu vizuri, wakaenda. Jioni moja nikaketi karibu yake, nikamwambia kwamba nilidanganya, kwamba mimi ndiye niliyesema alianguka.

"Najua," alisema. "Ungeniambia mapema, mke mwenzangu, nichague mguu. Huu wa kushoto umeshanichosha kuuchechemea."

Nilicheka nikilia. Nikamwuliza kwa nini hakukataa, kwa nini hakuwaambia. Alikuwa anatoa ugoro kwenye kikopo.

"Ulikuwa umepata wenzio," alisema. "Hukuwa nao. Niwaambie wewe mwongo, urudi shule na nani?"

Aliishi baada ya hapo masika mawili. Alifia nyumbani, kitandani, amegeuzwa vizuri, hana kidonda hata kimoja. Mwalimu Eliamani alikuja mazishini, akalia kuliko sisi. Sikumwambia kitu. Mwaka uliofuata alihamishwa kwenda karibu na kwao, na nilisikia alimwahi mama yake akiwa hai.

Sasa mimi ninaishi Kibiti, karani wa masjala, na mama yangu ndiye mzee. Nilimfuata kijijini mwaka juzi, nikamwambia asibebe mzigo, kila kitu kipo. Alikuja na mfuko wa salfeti mzito mpaka utingo wa basi akamwuliza, "Bibi, umebeba maiti humu?" Yalikuwa yale mafiga matatu. Ndani nina jiko la gesi, mtungi wake mwekundu, na binti yangu anajua kuliwasha. Mama hajaligusa. Ameyapanga mafiga yake nyuma, pembetatu, anapika huko asubuhi na jioni, na anatafuta kuni mwenyewe kwa namna ambayo sijaielewa mpaka leo. Ukuta umekuwa mweusi. Jirani amenilalamikia mara mbili kuhusu nguo zake kwenye kamba. Binti yangu, aliye kidato cha tatu na hana haya hata kidogo, ananiambia kila siku, "Mama, mwambie Bibi. Anaungua macho. Ataanguka na zile kuni. Mbona husemi?"

Nimechoka. Natoka kazini miguu imevimba, nakuta maharage yenye harufu ya moshi, napaka ukuta chokaa na mwezi haujaisha umerudi ulivyokuwa. Kweli mama anaungua macho. Kweli anaweza kuanguka, na sina wa kumlinda mchana. Zipo siku naona ile klabu ilikuwa na haki, na ningekuwa na vijana wanne leo ningewapa yale mawe wayapeleke wanakotaka. Halafu jioni bodaboda inaniteremsha kwenye kona ya mtaa wetu, na kabla sijamlipa dereva macho yangu yameshakwenda juu ya mapaa, yanatafuta moshi. Nikiuona, natembea taratibu, napita dukani, sina haraka tena. Na binti yangu akiniuliza mbona husemi, nanyamaza.